Kuahirisha kusoma: maswali ambayo wanafunzi wa sekondari huuliza mara kwa mara

Maswali haya ni ya wanafunzi wa sekondari, wengi wao wa shule za kutwa, na moja limetoka kwa mzazi. Mifano ni ya Tanzania, ambako Kidato cha Nne hufanya mtihani wa taifa kila Novemba. Aliye Kenya akijiandaa na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ushauri mwingi utamfaa pia, ila habari za lugha ya kufundishia na hesabu za madaraja ni za Tanzania.

Kila siku nasema nitaanza kesho. Je, mimi ni mvivu?

Mvivu wa kweli hana presha. Anajilaza, anapumzika, anaamka yuko freshi. Wewe unaahirisha huku roho inakudunda: macho yako kwenye video, akili iko kwenye daftari la Kemia. Hiyo si raha, na hakuna mtu anayejitesa hivyo kwa uvivu.

Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, katika makala yao ya 2013, wanaeleza kuahirisha kuwa ni njia ya kukimbia hisia. Kuna kazi inayokuletea hofu, aibu au kuchanganyikiwa. Ukiiweka pembeni unapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayokufanya urudie tena kesho. Atakayelipa deni ni wewe wa wiki ijayo, ambaye leo humwonei huruma hata kidogo.

Tena hauko peke yako. Makala ya Piers Steel ya 2007, iliyokusanya tafiti nyingi za jambo hili, inataja makadirio kwamba asilimia 80 hadi 95 ya wanafunzi wa vyuo huahirisha kazi zao. Na hao ni watu waliokwisha kufaulu mpaka wakafika chuo.

Kwa hiyo kabla hujajiita mvivu, tazama ni nini hasa unachokwepa. Karibu kila mara si kusoma kwa jumla. Mwanafunzi anakuambia hasomi kabisa, lakini ukimgusa Historia anakumwagia Vita vya Majimaji kuanzia 1905 hadi 1907 bila kuvuta pumzi. Anachokwepa ni Hisabati, na ndani ya Hisabati ni mada moja au mbili, tangu siku aliyosimamishwa ubaoni akakwama na darasa zima likacheka. Hapo sasa pana kitu cha kushughulikia. Neno "mvivu" halikupi pa kuanzia.

Nimetengeneza ratiba nzuri sana lakini siifuati. Kwa nini?

Kwa sababu kuitengeneza ndiko kulikokuwa kuahirisha kwenyewe. Nimeona ratiba za kila namna: mistari imepigwa kwa rula, Fizikia imeandikwa kwa kalamu nyekundu, Biolojia kwa kijani, juu kuna maua, chini kuna dua. Kazi ya saa moja na nusu, na mwenyewe anainuka ameridhika kama aliyesoma. Siku ya tatu ratiba iko ukutani, yeye yuko barazani.

Ukiisoma vizuri unaona tatizo. Saa 12 jioni Fizikia, saa 1 usiku Kemia, saa 2 Hisabati, hivyohivyo mpaka saa 5. Hamna foleni ya daladala humo, hamna ndoo za maji, hamna vyombo, hamna mgeni aliyekuja kula, hamna umeme kukatika. Binadamu kwa kawaida hupanga kana kwamba kesho hakutatokea jambo lolote. Roger Buehler na wenzake, katika utafiti wa 1994, waliwaomba wanafunzi wa chuo wakadirie watamaliza lini tasnifu zao. Wastani wa makadirio ulikuwa kama siku 34. Walichotumia kweli ni wastani wa siku 55 na ushee.

Badala ya ratiba ya saa, andika sentensi moja inayofunga kusoma kwako na jambo ambalo hutokea kila siku hata iweje. Mfano: "Nikimaliza kuosha vyombo vya jioni, nitakaa kwenye kiti cha varandani nifanye swali la 4 la Hisabati." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha katika tafiti zake kwamba anayetaja ni lini, wapi na atafanya nini hasa hutekeleza zaidi kuliko anayesema tu "nitajitahidi". Vyombo vikichelewa, kusoma nako kunasogea, lakini hakufi. Ratiba ya saa ikivunjika saa 12 jioni, watu wengi huitupa yote mpaka Jumatatu.

Kuanza ndiko kunakonishinda. Nikishaanza huwa naendelea. Nifanyeje?

Punguza mwanzo mpaka uone aibu kuukataa. "Leo nasoma Kemia" ni mzigo usio na mpini. "Leo nanakili swali moja la moli kwenye karatasi na kuandika tumepewa nini na tunatafuta nini" ni jambo la dakika tatu. Huhitaji kulitatua. Andika tu: tumepewa gramu 80 za hidroksaidi ya sodiamu, tunatafuta idadi ya moli. Ukifika hapo mkono wenyewe utaandika 23 jumlisha 16 jumlisha 1, utapata 40, utagawanya 80 kwa 40. Moli mbili. Usipojua hatua inayofuata, umepata kitu chema vilevile: swali halisi la kumpelekea mwalimu kesho asubuhi, badala ya kumwambia "Mwalimu, Kemia sielewi" naye asijue aanzie wapi.

Wengine husaidiwa na kusoma kwa vipande. Mwitaliano Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi wa chuo mwishoni mwa miaka ya 1980, alikuwa akitega saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi, dakika 5 za kupumzika. Namba 25 haikushuka kutoka mbinguni. Kama umekaa mwezi mzima bila kugusa somo, anza na kumi.

Na unapoacha, acha katikati ya swali unalolijua. Watu hupenda kumaliza mada ndipo wafunge daftari, kwa hiyo kesho wanakutana na mada mpya, ngumu, ya kutisha. Ukiacha hesabu imebaki mistari miwili, kesho mlango uko wazi.

Nikifungua kitabu, Kiingereza kinanishinda, nakifunga. Hii nayo ni kuahirisha?

Ndiyo, na kwa maoni yangu hiki ndicho chanzo kikubwa kuliko hata simu, ila washauri wengi hawakigusi. Umesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba. Januari ukaingia Kidato cha Kwanza, na ghafla Biolojia, Jiografia na Hisabati zote ziko kwa Kiingereza. Mtu anayetumia dakika arobaini kwenye ukurasa mmoja, na kila mstari una maneno matatu asiyoyajua, ana kila sababu ya kukikimbia kitabu.

Kosa ni kupambana na mambo mawili kwa wakati mmoja. Yatenganishe. Chukua aya moja, si ukurasa. Isome mara moja ukipigia mstari maneno unayoyakosa. Usitafute yote, tafuta mawili yanayojirudia. Kisha funga kitabu, umweleze mtu kwa Kiswahili. Mdogo wako anatosha, hata kama hasikilizi. "Mmea unachukua mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa, unatengeneza chakula chake, halafu oksijeni inatoka." Ukiweza kusema hivyo, usanisinuru umekwisha kuuelewa. Biolojia haijakushinda. Kilichobaki ni Kiingereza tu, na hilo ni tatizo dogo zaidi.

Ila usiishie hapo, maana mtihani hautakuja kwa Kiswahili. Andika sentensi tatu za Kiingereza za kwako kuhusu ulichoeleza, makosa yakiwemo. Tatu tu. Na mwisho wa kaunta buku tenga kurasa za maneno ya kuulizia: lipi linakutaka utaje, lipi linakutaka ueleze, lipi linakutaka ulinganishe. Wapo wanaolijua jibu lakini wanataja palipotakiwa kueleza, na alama zinapotea hivyohivyo.

Vitabu vya kiada vya serikali vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa hiyo kukosa kitabu kusiwe kisingizio kwa mwenye simu nyumbani. Lakini simu nayo ina kesi yake.

Simu inanimaliza, na pasti pepa zote zimo humohumo.

Igeuze simu iwe kama duka: unaingia, unanunua, unatoka. Nakili maswali matano kwenye karatasi, zima data, ipeleke simu chumba kingine. Usiifunike kifudifudi mezani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin uliochapishwa 2017 uligundua kwamba walioacha simu chumba kingine walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya kumbukumbu na kufikiri kuliko waliokuwa nazo mezani, hata zikiwa zimenyamazishwa. Tafiti zilizofuata hazikupata matokeo hayo kila mara. Mimi nashauri chumba kingine kwa sababu nyepesi zaidi: kuinuka na kutembea mpaka chumbani kwa mama kunakupa nafasi ya kujiona unachofanya.

Kama simu ni ya mama, bahati yako. Mwombe muda maalumu, nusu saa ya kunakili maswali, kisha umrudishie mwenyewe kabla hajaidai. Utaaminiwa zaidi wiki ijayo.

Kundi la WhatsApp la darasa lisikudanganye. Pasti pepa moja, stika arobaini, ubishi wa Simba na Yanga mpaka saa 6 usiku.

Mimi nasoma vizuri nikiwa na presha. Si bora nisubiri wiki ya mwisho?

Unachokiona wiki ya mwisho ni woga kuishinda aibu. Hatimaye unakaa chini. Kwamba unasoma vizuri ni habari nyingine. Dianne Tice na Roy Baumeister waliwafuatilia wanafunzi wa chuo muhula mzima, wakachapisha matokeo 1997. Mwanzoni mwa muhula walioahirisha walikuwa na msongo mdogo na waliugua kidogo kuliko wenzao. Mwishoni mambo yaligeuka: msongo mkubwa, magonjwa mengi, na alama za chini.

Kusoma kwa zimamoto kunaweza kukuvusha jaribio la Ijumaa lenye mada moja. Mtihani wa Kidato cha Nne una mada za miaka minne, na ulichokishindilia usiku mmoja kinayeyuka haraka. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliyapima hayo kwa kumbukumbu yake mwenyewe, akachapisha matokeo 1885.

Na kukesha je?

Hapana. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Kama nyumbani kuna kelele usiku, lala mapema uamke saa 10 au 11 alfajiri. Anayekesha akasinzia darasani anahamisha tu kazi: anakosa mada ya asubuhi, nayo inakuwa deni jipya la kuahirisha.

Nasoma kila siku, daftari zangu ni safi, lakini matokeo mabaya. Nakosea wapi?

Huenda unazuga, tena bila kujijua. Kunakili notsi upya, kupaka rangi vichwa vya habari, kusoma ukurasa uleule mara ya tano: yote yanaonekana ni kusoma, na yote yanakuepusha na jambo moja linalouma, nalo ni kujua kama unajua.

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, walilijaribu hili 2006. Kundi moja lilirudia kusoma kifungu, jingine lilikisoma kisha likajipima kwa kuandika linachokumbuka. Walipoulizwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio walioongoza. Mtihani wako hauji baada ya dakika tano.

Kwa hiyo nusu ya muda wako iwe daftari limefungwa, kalamu iko mkononi. Tumia mitihani ya miaka iliyopita. Baraza la Mitihani, NECTA, pia hutoa kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali: wengi walikosea wapi, mpaka picha za majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa na watahiniwa. Ni bure, na ni wanafunzi wachache mno wanaozifungua. Ukitaka kuanza na kitu kisichochosha, anza na jibu bovu la mwenzako asiyejulikana. Utajikuta unalisahihisha.

Nikirudi nyumbani kuna kazi mpaka saa 3 usiku. Naitwa mzembe lakini muda sina.

Huo si uzembe, na usikubali mtu akubandike jina hilo. Kuahirisha ni kuwa na nafasi ukaikimbia. Wasichana hasa hubeba hili: kaka anasoma, dada yuko jikoni, halafu matokeo yakitoka wanalinganishwa.

Zungumza na mkubwa wa nyumbani anayesikilizwa. Usimwendee kulalamika, mwendee na ombi dogo linalohesabika: "Mama, siku tatu za wiki naomba nibaki shuleni mpaka saa 11, kazi zangu nitazifanya nikirudi." Ombi kama hilo ni rahisi kukubaliwa kuliko "naomba nisifanye kazi". Likikataliwa, mwombe shangazi au mwalimu wa darasa akusemee. Wakati huo tumia vipande: karatasi moja ya fomula mfukoni kwa ajili ya kituoni, maswali matano ya kujiuliza kichwani wakati unafua. Ni kidogo, sikatai.

Nimeshapoteza Kidato cha Tatu chote. Kuna maana ya kuanza sasa?

Ipo, na tuihesabu. Daraja hupangwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Sema leo una C nne na D tatu: 12 na 12, jumla 24, Daraja la Tatu. Zipandishe zile D tatu ziwe C, unapata 21, nayo ni Daraja la Pili. Na C huanzia alama 45. Mwenye 40 kwenye Jiografia anatafuta alama tano, ambazo zinaweza kutoka kwenye swali la kusoma ramani peke yake akilifanyia mazoezi.

Halafu acha kujilaani. Michael Wohl na wenzake, Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, waligundua 2010 kwamba wanafunzi waliojisamehe kwa kuahirisha kabla ya mtihani wa kwanza waliahirisha kidogo zaidi kabla ya mtihani uliofuata. Kujilaani kunaongeza uchungu kwenye daftari lilelile unaloliogopa, na wewe unakimbia uchungu.

Kundi la majadiliano linasaidia?

Watu watatu au wanne, ndiyo, kila mmoja akija na swali alilokwama nalo. Kumi, hapana. Hizo ni stori.

Mimi ni mzazi. Mwanangu simwoni akishika daftari. Nimgombeze?

Umeshamgombeza, mzazi mwenzangu, na "chelewa chelewa utakuta mwana si wako" ameisikia tangu darasa la pili. Jaribu kumwuliza, "Nionyeshe swali lililokushinda leo." Huhitaji kulijua jibu. Hata kama hukusoma sekondari, kaa naye dakika kumi akueleze kwa Kiswahili, wewe uliza "kwa nini?" pale usipoelewa. Mtoto anayeogopa somo anahitaji mtu mmoja ambaye mbele yake anaweza kukosea bila kuchekwa. Na mtoto wa jirani aliyepata Daraja la Kwanza, usimtaje kabisa mezani.

Lini niombe msaada mkubwa zaidi?

Kama hata mambo uliyoyapenda, mpira au kwaya, hayakuvuti tena kwa wiki kadhaa. Kama usingizi na hamu ya kula vimeharibika. Au kama tangu utotoni huwezi kutulia kwenye jambo lolote, hata la kufurahisha. Hapo ongea na mwalimu wa ushauri na unasihi, au mzazi akupeleke hospitali. Kama kuna jambo linalokutisha nyumbani au shuleni, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure, Tanzania na Kenya.

Zimebaki wiki tatu tu. Nifanye nini leo hii?

Usitengeneze ratiba. Chukua karatasi, andika masomo yako na alama ya mtihani wa mwisho mbele ya kila moja. Zungushia yale yaliyo alama chache chini ya mpaka wa gredi inayofuata: 27, 28, 42, 43, 62. Hayo kwanza. Lenye 12 liache likae. Na lenye 80 lipitie Jumapili.

Kwa kila ulilolizungushia chagua mada mbili zinazotokea karibu kila mwaka, fanya maswali yake ya miaka mitatu iliyopita, sahihisha, rudia uliyokosa baada ya siku mbili. Usianzishe mada mpya kabisa wiki ya mwisho. Usiku wa kuamkia mtihani andaa kalamu mbili, penseli, rula na kitambulisho, weka kwenye begi, kisha lala saa 3.